Pepa supu ya mbuzi: pilipili si nusu ya kazi

Jina la supu hii limewapoteza wengi. Mtu akisikia "pepa supu" anamimina pilipili mpaka machozi yanamtoka, halafu anashangaa kwa nini sufuria yake hainukii kama zile za Port Harcourt au Benin City, kule Nigeria. Pilipili kazi yake ni kuwasha. Harufu inayokufikia kabla hujavuka kizingiti cha mlango inatoka kwenye viungo vitatu vya msituni, yaani ehuru, uda na uziza, na kila kimoja kina wakati wake wa kuingia jikoni.

Kwanza tusiichanganye na obe ata ya Wayoruba. Ile ni mchuzi wa nyanya, pilipili hoho nyekundu na mafuta. Pepa supu haina nyanya, haina mawese, wala haitiwi kitu cha kuifanya nzito. Ni supu nyepesi kabisa, ya kunywa.

Ehuru ni mbegu ya kahawia, kubwa kuliko harage, yenye ganda jembamba. Harufu yake ni jamaa ya kungumanga. Uda ni maganda meusi marefu, membamba kama vitumba vya maharage vilivyokauka, yenye harufu ya moshi. Uziza ni punje zinazofanana na pilipili manga, ila ni ndogo zaidi na nyingine zina kikonyo. Maduka ya vyakula vya Afrika Magharibi huuza vyote. Upo pia unga uliokwisha kuchanganywa, lakini ukikaa sana kwenye pakiti harufu huisha na kubaki vumbi. Nunua mbegu nzima, usage mwenyewe siku ya kupika.

Kwa kilo moja ya mbuzi andaa ehuru 5, uda 2, uziza kijiko kimoja cha chai, pilipili mbuzi 2, vitunguu maji 2, uduvi mkavu uliosagwa vijiko 2 vya chakula, chumvi, na kiganja kimoja cha majani ya kivumbasi. Wanigeria huyaita efirin kwa Kiyoruba, nchanwu kwa Kiigbo. Ukikosa ehuru, kuna nusu ya kungumanga. Ukikosa uziza, tumia pilipili manga. Uda haina mbadala wa kweli. Ni afadhali uikose kuliko kuibandikia karafuu, maana karafuu itatawala sufuria nzima.

Nyama ndiyo inayotutofautisha. Nigeria mbuzi hubabuliwa manyoya kwa moto na ngozi ikabaki, na ngozi hiyo ndiyo inayoipa supu ule utelezi unaogandisha midomo. Kwetu mbuzi huchunwa. Kwa hiyo mwambie muuza nyama akuchanganyie mifupa na vipande vya miguu, usichukue steki tupu, la sivyo utapata maji yenye pilipili.

Weka nyama sufuriani na kitunguu kimoja kilichokatwakatwa, chumvi kijiko kimoja cha chai na maji robo kikombe. Funika, moto mdogo, dakika 15, nyama itoe maji yake. Ndipo uongeze maji ya moto kiasi cha lita moja na nusu. Ukitia ya baridi, mchemko unakatika na nyama inachelewa kuiva. Engua povu linalopanda juu, kisha acha ichemke taratibu. Ikitokota kwa fujo, mafuta na povu hurudi ndani na supu inakuwa na ukungu. Mbuzi mzee huchukua saa moja na nusu. Kwa sufuria ya presha, dakika 25 hivi.

Wakati huo kaanga ehuru bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza, mpaka ganda likauke na harufu ipande. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ehuru ikiungua huwa chungu, na uchungu huo hauondoki hata uongeze nini. Itupe uanze nyingine. Bangua ganda, kisha twanga kiini pamoja na uziza kwenye kinu. Uda usiitwange. Mbegu zake za ndani ni chungu, harufu iko kwenye ganda. Ipasue, kung'uta mbegu, utumbukize ganda zima ambalo utalitoa kabla ya kupakua.

Nyama ikikaribia kulainika, tia ganda la uda, pilipili zilizosagwa na kitunguu cha pili, uduvi, na unga wa ehuru na uziza. Acha dakika 15, si zaidi. Ukivitia mwanzoni kabisa, harufu yote itapanda na mvuke, ibaki ladha ya ubao. Anza na robo tatu ya unga, onja, ongeza. Uziza ikizidi inakwaruza koo. Asiyestahimili ukali aondoe mbegu na utando mweupe wa pilipili mbuzi, kwa kuwa utando ndio unaobeba moto mwingi.

Zima moto, kisha tia kivumbasi kilichokatwa, ufunike dakika 2. Kikichemka kinakuwa cheusi na harufu inakufa. Ndimu tunayoipenda kwenye supu zetu iache kando: huifunika uda.

Hunywewa yenyewe ikiwa moto sana, au pamoja na viazi vikuu vya kuchemsha, ndizi au wali mweupe. Waigbo wana ji mmiri oku, ambamo viazi vikuu hupikwa ndani ya supu yenyewe, na uda huongezwa kwa ajili ya mzazi aliyetoka kujifungua.

Kwa kambale viungo ni vilevile, utaratibu unageuka. Vipande vyake vimwagie maji ya moto yenye chumvi, uvisugue utelezi utoke na ngozi ikaze. Chemsha viungo kwanza dakika 10, samaki aingie mwisho kwa dakika 10 hadi 15. Mwiko usiingie humo kabisa. Shika sufuria kwa mikono miwili uitikise.