Saa ya babu imetoka kwa fundi

Leo nimeichukua saa ya marehemu babu kwa fundi, Kariakoo. Omega Seamaster ya miaka ya 60, ile otomatiki, haina betri wala huitii ufunguo, inajijaza yenyewe mkono ukitembea.

Ilikuwa inachelewa maana oili ya ndani ilishakauka, na ukiendelea kuivaa hivyo vyuma vinasagana tu, basi fundi kaifungua yote, kaiosha, katia oili mpya na raba ya mfuniko kabadilisha maana jasho la Dar hili mnalijua.

Akaniuliza, "Mwanangu, na polishi nipige?"
Nikamwambia hapana mzee, mikwaruzo yake iache! Polishi inakula chuma, kona zikishapotea hazirudi.

Halafu akanipa lenzi yake, "hebu tazama katikati ya kioo."

Jamani.

Kuna kialama cha Omega kidogoo kama chembe ya mchanga, kipo kwenye kioo chenyewe cha plastiki. Miaka yote nimeshika ule mkono wa babu sijawahi kukiona. Machozi yalinilenga palepale dukani.

Wenye saa za kurithi humu, mnazivaa au mmezifungia kabatini? Na sevisi mnapeleka wapi?