Kutoka Shepherdsville hadi Mecosta: Kufuata Sahihi za Wahafidhina wa Marekani

Anayetafuta vitabu vya zamani vya Marekani kwa kawaida hukimbilia New York. Kwa maandishi ya wahafidhina wa miaka ya 1940 hadi 1960 mimi nilishika njia ya bara, kwa sababu vingi vya vitabu vyao vilivyotikisa siasa vilizaliwa huko, kwa wachapishaji ambao kila mmoja alikuwa na desturi yake ya kuonyesha chapa ya kwanza. Ukiwapima wote kwa kanuni moja utanunua chapa ya nne kwa bei ya kwanza.

Nilianzia Shepherdsville, Kentucky, mji mdogo ulio kilomita 30 hivi kusini mwa Louisville. Mwaka 1960 Clarence Manion, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Notre Dame, alisimamia kitabu cha Seneta Barry Goldwater wa Arizona. L. Brent Bozell ndiye aliyekiandika, Goldwater akakitia jina lake, na The Conscience of a Conservative kikatoka na anwani ya Shepherdsville, chini ya jina la Victor Publishing Company. Ni kijitabu cha kurasa 123. Kilipigwa chapa tena na tena mwaka huohuo, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kwa muuza vitabu vikuukuu nilipewa nakala yenye sahihi ya Goldwater. Sahihi niliiacha kwanza. Nilifungua ukurasa wa hakimiliki kuona kama kuna mstari unaotaja chapa ya pili au zaidi, haukuwapo. Kisha nikageukia koti, yaani ile karatasi ya juu inayovuliwa. Koti lilisifu jinsi kitabu kilivyokuwa kikinunuliwa. Koti la siku ya kwanza haliwezi kujua hayo. Nikalivua: lilikuwa limechanika chini ya mgongo, upana wa kucha, lakini gamba chini ya ule mwanya lilikuwa safi, halina vumbi wala alama ya jua. Koti likikaa miaka mingi juu ya kitabu chake, uchafu hupenya kwenye mpasuko na kuacha kivuli chenye umbo lilelile. Hapa kitabu cha mapema kilikuwa kimevishwa koti la chapa ya baadaye. Si kosa la jinai, ila bei lazima ishuke, na muuzaji mwaminifu huandika hivyo kwenye stakabadhi.

Sasa sahihi. Ofisi za maseneta zilitumia mashine za kutia sahihi, na makatibu nao walisaini kwa niaba ya wakubwa wao. Kwa kioo cha kukuzia mara kumi, sahihi ya mashine huonyesha mstari wa unene uleule mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi kitone cha wino pale kalamu ilipotua na pale ilipoinuliwa. Mkono wa mtu hukaza kwenye kona na kulegea kwenye mikia. Kipimo cha uhakika zaidi ni kulinganisha: piga picha, iweke kwa ukubwa uleule juu ya sahihi nyingine inayojulikana. Mtu hasaini mara mbili sawasawa kabisa. Zikilaliana bila tofauti hata ya unywele, moja imenakiliwa au zote ni za mashine. Hii ilikuwa ya mkono. Nilinunua, kwa bei ya koti lisilo lake.

Kutoka Louisville hadi Alton, Illinois, ni kama kilomita 420 kwa gari, kupitia kusini mwa Indiana. Kitabu nilikiweka kwenye kiti, si kwenye buti. Joto la buti wakati wa kiangazi hulainisha gundi ya mgongo, kitabu kikapinda kikiwa kimelala tu.

Alton, juu ya Mto Mississippi, ndiko mwanaharakati wa kihafidhina Phyllis Schlafly alikotolea A Choice Not an Echo mwaka 1964, kwa jina la Pere Marquette Press. Kina gamba la karatasi, na karatasi yake ya ndani ni ya bei rahisi, inageuka kahawia na kumeguka kwenye kona. Nakala zilimwagika kwa mamilioni, na Schlafly aliishi hadi 2016 akiendelea kusaini, kwa hiyo sahihi pekee si adimu. Adimu ni ile yenye tarehe ya 1964, au maneno kwa mtu aliyekuwa kwenye kampeni ya urais ya Goldwater mwaka ule. Mimi huithamini zaidi nakala iliyochoka yenye tarehe kuliko safi iliyosainiwa miaka arobaini baadaye.

Treni ya Alton hadi Chicago huchukua zaidi ya saa nne. Chicago ni kitovu. Hapa Henry Regnery alichapisha God and Man at Yale cha William F. Buckley Jr. mwaka 1951, na chuo kikuu cha hapa kikachapisha Ideas Have Consequences cha Richard Weaver mwaka 1948 na The Road to Serfdom cha mwanauchumi Friedrich Hayek mwaka 1944. Cha Hayek, toleo la Marekani, kilianza na nakala 2,000 tu. Zile zilizofuata haraka zinajulikana kwa mstari wa chapa kwenye ukurasa wa hakimiliki. London kilikuwa kimetangulia mwezi Machi, basi anayetaka toleo la kwanza kabisa atafute la Routledge. Hayek mwenyewe alikataa kuitwa mhafidhina, akaeleza sababu mwishoni mwa kitabu chake cha 1960. Rafu yangu inamweka kati yao hata hivyo, kwa kuwa wahafidhina ndio waliomsoma.

Weaver alifariki 1963, na sahihi zake ni chache. Hapo ndipo taa ya urujuanimno (UV) inapofanya kazi. Karatasi za zama zile kwa kawaida hubaki hafifu chini ya taa. Karatasi nyingi za baadaye zina dawa ya kung'arisha, nazo huwaka buluu. Katika nakala moja ukurasa wenye sahihi uliwaka kama shati jeupe, na kurasa jirani zimetulia. Ulikuwa umebandikwa kwa ukanda mwembamba wa gundi. Nilirudisha kitabu mezani.

Treni ya jioni kwenda Grand Rapids inaitwa Pere Marquette, jina la padri Jacques Marquette, lilelile la mchapishaji wa Alton. Hufika karibu na saa sita usiku, saa ya Michigan ikiwa mbele ya ile ya Chicago kwa saa moja. Asubuhi, kama kilomita 100 kwa gari kuelekea kaskazini, uko Mecosta, kijiji alikoishi Russell Kirk hadi kifo chake mwaka 1994.

Kitabu chake The Conservative Mind kilitoka kwa Regnery mwaka 1953, na alama yake iko wazi hata kwa macho matupu: kichwa kidogo cha toleo la kwanza kinasema kutoka Burke hadi Santayana. Ukiona Eliot badala ya Santayana, ni toleo la baadaye, hata sahihi iwe nzuri vipi. Nakala niliyobeba ilikuwa na Santayana, na sahihi ya Kirk kwa bolpeni. Niligeuza jani na kupitisha kidole nyuma yake: tuta la ncha ya kalamu lilikuwepo, la juu kwenye herufi K, likififia kuelekea mwisho wa jina. Nikaivalisha koti la plastiki ya poliesta lisilo na gundi, nikaisimamisha wima kati ya vitabu vya kimo chake, na kuandika kwa penseli, kwenye kikaratasi kisicho na asidi, ilikotoka na siku niliyoinunua.