Krav Maga na ngeta ya Kondele

Krav Maga, mfumo wa kujihami ambao Imi Lichtenfeld aliufundisha katika jeshi la Israeli tangu 1948, unastahili sifa? Mbinu, ndiyo; mafunzo mengi, hapana. Chukua ngeta, yaani kukabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma ili uibiwe. Geuza kidevu kuelekea kiwiko cha mkabaji, pachika vidole vya mikono yote miwili kama ndoano kwenye kiganja chake, vuta kwa kishindo hadi kifuani, kisha piga kinena. Ukichelewa, mishipa ya shingo ikibanwa sawasawa, sekunde 10 hivi zinatosha kukuzimisha.

Ukumbini hufaulu kwa sababu mwenzako amesimama tuli. Usiku pale Kondele, mtaani Kisumu, mkabaji anakuvuta kinyumenyume, visigino havigusi chini, na mwenzake tayari anapekua mifuko. Kwa hivyo, kabla ya kulipa ada, uliza kama wanafunzi hupambana na mpinzani anayekataa kuachilia. Kama hawafanyi hivyo, judo au ndondi ni bora. Kisu kikitolewa, wape simu, kimbia.