Nilivyoifanya mashine ya farasi ifunge tena mabua ya mahindi

Katika mitambo yote ya shamba niliyowahi kuishika, sijaona uliobuniwa kwa akili kuliko huu: mashine inayokata mahindi mstari mmoja baada ya mwingine, ikayakusanya mabua yakiwa yamesimama, ikayafunga kwa kamba, kisha ikauacha mganda chini na kusonga mbele. Haina injini. Nguvu yote hutoka kwa farasi watatu wanaoivuta, ikapita kwenye gurudumu moja kubwa la chuma lenye meno ya kushika udongo, na kutoka hapo minyororo na gia huisambaza kila mahali.

Ninafanya kazi ya ufundi wa zana za kilimo mashariki mwa Ohio, Marekani. Huku tuna majirani wengi Waamishi, jamii ya Wakristo wanaojiepusha na mambo mengi ya kisasa, na wale wanaoshika desturi za zamani hawalimi kwa trekta, kwa hiyo mashine za namna hii bado zinaonekana shambani. Mwenye karakana yetu alinunua moja mnadani. Ilikuwa imelala bandani miaka mingi, gurudumu limeganda kwa kutu na mbao nyingine zimeliwa na wadudu. Akaniuliza kama naweza kuifanya ikate na kufunga. Nikamjibu kuwa kukata sina wasiwasi nako. Kufunga ndiko kwenye kazi.

Anayetaka kujua kwa nini watu walihangaika kuibuni, afikirie mkulima wa Illinois au Iowa wa zamani, akiwa na panga fupi mkononi na mahindi marefu kumpita. Alikata bua kwa bua, akabeba, akasimamisha. Mtu mwenye nguvu alimaliza ekari 1, au 1 na nusu, kwa siku, na majani ya mahindi yalimchana shingo na mikono. Mwaka 1892 A. S. Peck wa Geneva, Illinois, alipata hataza, yaani haki ya ubunifu, ya mashine ya kukata na kufunga mahindi. Kampuni za McCormick na Deering zikaanza kuunda za kwao katika miaka hiyo hiyo ya 1890, na mwaka 1902 kampuni hizo mbili pamoja na nyingine zikaungana kuwa International Harvester. Kwa mashine hii mtu mmoja na farasi wake walikata ekari 7 au 8 kwa siku. Mabua yalikuwa mali: ng'ombe wa maziwa walikula kitu gani wakati wa theluji kama si mabua hayo, makavu au yaliyokatwakatwa na kushindiliwa ndani ya silo, ghala la malisho?

Upande wa kukata niliumaliza bila makuu. Mbele kuna pua mbili ndefu, kila moja inapita upande wake wa mstari. Zimefungwa minyororo yenye vidole, na vidole hivyo huyashika mabua yasianguke, vikiyasindikiza hadi kwenye visu vilivyo chini. Viwili vimetulia pembeni, kimoja hukimbia kushoto na kulia. Nililowesha gurudumu kwa dizeli iliyochanganywa na oili, nikaliacha linywe, nikaligonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka likaachia. Minyororo yake inaundwa kwa vipande vinavyopachikana kwa ndoano, kwa hiyo kipande kilicholika unakichomoa kwa mkono na kupachika kingine bila kuchomelea chochote. Mbao zilizooza nilizichonga upya kwa mwaloni. Visu nikavinoa. Karakana za Waamishi hutengeneza vipuri vingi vya zana za farasi, kwa hiyo springi na beringi sikuzitafuta mbali.

Kisha nikafika kwenye kifunga fundo.

Kifaa hiki ni kikongwe kuliko mashine yenyewe. John Appleby wa Wisconsin alikibuni katika miaka ya 1870 kwa ajili ya ngano. Waunda mashine za mahindi walikichukua na kukigeuza ubavu, kwa sababu mabua ya mahindi huja wima, si ya kulala kama ngano. Ndani yake kuna kisahani chenye mapengo, kuna kisu kidogo, na kuna kile ninachokiita mdomo: kipande cha chuma kilichopinda, chenye ulimi unaofunguka na kufunga. Kisahani kinakuwa kimeshika ncha ya kamba iliyobaki tangu mganda uliopita. Mabua yakijaa hadi ukubwa uliopangwa, yanasukuma kifyatulio. Sindano kubwa iliyopinda inazunguka nyuma ya mabua, ikileta upande wa pili wa kamba. Sasa nyuzi mbili zimelala juu ya mdomo. Mdomo unazunguka mara moja na kujivisha kitanzi, unafungua ulimi, unazing'ata nyuzi zote mbili, kisu kinakata. Mikono ya kutolea inapousukuma mganda nje, mganda wenyewe ndio unaokivuta kitanzi kivuke juu ya ncha zilizong'atwa. Hapo fundo limekamilika, na farasi hawajapunguza hata hatua moja.

Nilikaa mbele ya kitu hicho nikikizungusha kwa mkono, polepole, mpaka nikaweza kuliona kila tendo nikiwa nimefumba macho. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote atakayekutana nacho. Usifungue nati yoyote kabla hujauelewa mzunguko wote. Bolti ni chache lakini kila moja ina athari yake kwa mwenzake, na ukizigusa mbili kwa pamoja hutajua ipi imeharibu na ipi imeponya.

Wa pili nilipewa na mzee wa Kiamishi ambaye amevuta mashine hizi tangu utoto wake. Alikuja karakana akanikuta nimeshika spana. Akasema, "Mdomo uache kwanza. Nionyeshe kamba." Nikamwokotea vipande vilivyotoka kwenye majaribio. Akavipanga juu ya meza na kuanza kuvisoma kimoja kimoja.

Kamba inasema kila kitu. Ukikuta fundo kwenye ncha moja tu na nyingine imenyooka, ujue mdomo ulipata uzi mmoja: ama sindano haikuufikisha wa pili mahali pake, ama kisahani kiliuachia mapema. Ncha zote mbili zikiwa na alama ya kung'atwa lakini hakuna fundo, ulimi umelegea, umeziachia kabla kitanzi hakijavuka. Fundo likibaki limening'inia mdomoni na kamba imekatika, springi ya ulimi imekaza kupita kiasi, au mdomo una kutu na kitanzi kinagoma kuteleza. Na ncha zilizochanika na kuwa nywele nywele ni kilio cha kisahani kinachobana mno. Yetu ilikuwa na mambo mawili kati ya hayo. Mdomo ulikuwa na vijitundu vya kutu, nikausugua kwa msasa laini mpaka ukateleza kama kioo, na springi ya ulimi nikaikaza robo kwa robo, nikijaribu kila mara kwa mabua ya kweli.

Kuna jambo linalowapotosha wengi, nalo ni ulegevu wa mganda. Mganda ukitoka umelegea, mkono unakimbilia kukaza kamba kule kwenye kopo inamotoka. Sivyo. Kamba inatakiwa ibanwe kidogo tu, kiasi cha kutojilegeza njiani. Ugumu wa mganda unaamuliwa na springi ya kifyatulio: ikikazwa, mabua yanashindiliwa zaidi kabla ya kufungwa. Ukiikaza kamba badala yake, unaipa sindano mzigo na unainyofoa kamba kutoka kwenye kisahani, kisha unaanza kukilaumu kifunga fundo kisicho na kosa.

Hata baada ya hayo yote mafundo mengine yalikuwa yanakataa, na hapa nikajikuta nimerudi nyumbani bila kutarajia. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, mkoani Tanga. Nimekua nikiona mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka, na mjomba wangu alifanya kazi kiwandani, upande wa brashi, ambako singa, yaani nyuzi za mkonge, zikiwa kavu zinasafishwa kabla ya kufungwa marobota. Kamba iliyokuwa ndani ya kopo la mashine hii ilikuwa ya katani, yaani ya singa hizo hizo za mkonge. Nikampigia simu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mjomba, huko baridi imeanza?"

Nikamweleza shida yangu. Swali lake la kwanza halikuhusu mashine hata kidogo. Aliuliza kamba ni nene kiasi gani, na imewekwa wapi. Akaniambia katani hunywa unyevu wa hewa, hivyo isikae kwenye sakafu ya saruji, na niipitishe kati ya vidole nikiitafuta sehemu iliyovimba, maana kamba yenye uvimbe hata mtu mwenye mikono miwili hupata taabu kuifunga vizuri.

Unene ndio uliokuwa jibu. Tulikuwa tunatumia kamba ya kufungia majani makavu ya marobota, inayouzwa kila duka la wakulima. Ratili moja (karibu nusu kilo) ya kamba hiyo inatoa kama futi 225. Kifunga fundo cha Appleby kilipimwa kwa kamba nyembamba zaidi, ile ambayo ratili moja inatoa futi 500. Yaani tulikuwa tunaulisha mdomo mdogo kamba yenye uzito zaidi ya mara mbili. Niliagiza kamba nyembamba ya katani kutoka kwa muuzaji anayehudumia Waamishi, nikaipanga juu ya ubao mkavu kama Mjomba alivyoelekeza, na mafundo yakaanza kutoka moja baada ya jingine.

Siwezi kuipita habari hii ya katani haraka haraka, kwa sababu inatuhusu. Mashine za kufunga ngano na mahindi za Marekani ndizo zilizoifanya kamba hii itafutwe duniani. Mwanzoni singa nyingi zilitoka Yucatán, Mexico. Kwetu mkonge ulifika mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba ya Tanga, reli iliyosomba marobota hadi bandarini, na watu waliotoka mikoa ya mbali, hata nchi jirani, kuja kukata majani na kuyafunga matita ya majani 30. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Baadaye kamba ya plastiki ikaivunja bei na mashamba yakaingia vichaka. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyenieleza singa zile zinakwenda kufunga nini. Sasa najua: zilikwenda kupita kwenye mdomo kama huu ninaousugua kwa msasa, na jasho la watu wetu limo ndani ya miganda iliyowahi kusimama kwenye mashamba kama haya. Naona fahari kulisema hilo, na nimemweleza mzee wa Kiamishi, naye alinisikiliza mpaka mwisho.

Shambani tuliingia Septemba, majani ya chini yakiwa yameanza kukauka na ya juu bado kijani. Huo ndio wakati wake. Ukichelewa, majani yanapukutika na chakula cha ng'ombe kinabaki udongoni. Mzee alileta farasi watatu wa aina ya Kibelgiji, wakubwa, watulivu. Tukasubiri umande ukauke, kwa sababu gurudumu linaloendesha kila kitu likianza kuteleza kwenye udongo wenye maji, visu na kifunga fundo vinasimama huku farasi wanaendelea kuvuta, na mabua yanajazana mbele. Mwendo nao una maana yake. Farasi wakizubaa, mikono ya kushindilia inazubaa pia. Mzee aliwashika kwenye hatua moja tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, akisema nao kwa sauti ya chini, na kwenye kona alikuwa akivuta wenzo wa kuikata nguvu kabla hajageuza.

Mimi nilitembea nyuma nikiangalia mafundo. Ukisikia mlio wa kifyatulio, halafu mikono ya kutolea ikapiga, unatazama chini: mganda umelala na kamba kiunoni. Mabua yalikuwa marefu kuliko tuliyojaribia karakana, kwa hiyo tulisimama nikapandisha sehemu ya kufungia ili fundo likae katikati. Likikaa chini sana mganda unavunjika shingo unapobebwa. Baada ya hapo tulisimama kwa ajili ya kuwapumzisha farasi tu. Kazi hii ni nzito kwao, kwani hawavuti mzigo peke yake, wanavuta na kiwanda kizima kinachozunguka, na jua la Septemba huku si dogo.

Jioni tuliisimamisha miganda, tukiiegemeza kila mmoja kwa mwenzake na kuifunga juu kwa kamba, kama wanavyosimamisha mahindi yao wakulima wa Kitale. Mvua inateleza kwa nje na upepo unapita ndani. Mwenye karakana ameshaipeleka sehemu ya mabua hayo kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa.

Mashine sasa iko bandani. Nimeitoa kamba yote kwenye kopo na sindano, mdomo na kisahani nimevipaka grisi nzito, springi ya kifyatulio nimeilegeza isichoke bure. Iliyobaki ni pua ya kushoto, ambayo ncha yake imelika na haiyainui vizuri mabua yaliyoinamishwa na upepo. Mhunzi mmoja wa Kiamishi ameshachukua vipimo, na amesema ataifua kabla ya kupanda.