Roli Inayodaka Mpira kwa Mguso wa Kwanza

Klabu ya roboti ninayoilea katika shule moja ya upili hapa Nairobi imeunda roboti yake kwa kufuata kanuni za Decode, mchezo wa msimu wa 2025–2026 wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, ambapo roboti huokota mipira ya plastiki yenye matundu, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha takriban sentimita 12.7, kisha huirusha ndani ya goli lililoinuliwa. Roboti hairuhusiwi kushika zaidi ya mipira 3 kwa wakati mmoja, na dereva ana dakika 2 tu za kuiendesha baada ya sekunde 30 za kujiendesha yenyewe, kwa hiyo hulazimika kurudi kuokota tena na tena. Wanafunzi huvutiwa zaidi na mtambo wa kurusha, na siwalaumu, kwa kuwa ndio unaoshangiliwa. Hata hivyo, nashikilia kwamba alama hupatikana au hupotea pale mpira unapoingia.

Kipimo changu ni kimoja: mpira ukiguswa, uwe umeshachukuliwa. Dereva anayelazimika kurudi nyuma, kujipanga upya na kuunyemelea mpira amepoteza sekunde ambazo hakuna programu itakayomrudishia. Ndiyo maana roli yetu, yaani silinda inayozunguka na kuuvuta mpira ndani, imekaa mbele kabisa na kuchukua karibu upana wote wa fremu, kadiri inavyowezekana kwa roboti inayopaswa kuanza mchezo ikiwa imetosha ndani ya mchemraba wa inchi 18.

Urefu wa roli kutoka sakafuni ndio uliotuchukulia muda mrefu zaidi, na ulistahili. Roli ikiugusa mpira karibu na usawa wa kitovu chake, huusukuma mbele. Ikiugusa karibu na kilele, msuguano unaouvuta ndani huushinda msukumo huo, na mpira huanza kubingirika wenyewe kuelekea kwenye roboti. Tulitengeneza kielelezo cha plaiwudi chenye mashimo ya shafti yaliyopangwa moja juu ya jingine, tukaizungusha roli kwa drili ya betri, huku mwanafunzi mmoja akikisukuma kielelezo kizima sakafuni kwa magoti. Katika tundu la chini alipiga kelele, "Mwalimu, mpira unakimbia!" Tulipopandisha shafti matundu mawili, mpira uleule ulimezwa bila kusita. Napenda sana hatua hii ya plaiwudi, kwa sababu mtoto huiona fizikia kwa macho yake kabla hajaichora kwenye kompyuta.

Mpira wa mchezo huu ni mgumu na haubonyei, tofauti na ile ya sponji ya inchi 7 iliyotumiwa mwaka 2020 katika FIRST Robotics Competition, mashindano mengine ya FIRST. Basi kitu kinachobonyea lazima kiwe roli yenyewe. Kwa mafundi wa pancha wa bodaboda hupatikana tyubu kuukuu za pikipiki. Tulizikata vipande vyembamba na kuvifunga kuizunguka shafti, ncha zake zikining'inia na kushuka chini ya kilele cha mpira kwa karibu sentimita 2. Kipande cha tyubu hupinda, hukamata, kisha huachia, na kikikatika hubadilishwa kwa dakika chache. Mabamba ya pembeni ni ya plastiki aina ya polikaboneti, si akriliki, kwa kuwa polikaboneti ikigongwa hupinda na kurudi, ilhali akriliki hupasuka.

Kuhusu kasi, wengi hufikiria nguvu ya mota kwanza, nami nadhani hapo si mahali pa kuanzia, maana mpira ni mwepesi. Mpira unapobingirika kati ya roli inayozunguka na bamba lililotulia, kitovu chake husafiri kwa nusu tu ya kasi ya uso wa roli. Ikiwa roboti inakwenda mita 1.5 kwa sekunde, uso wa roli unahitaji angalau mita 3 kwa sekunde; kasi hiyo isipofikiwa, mpira ulioingia hujivuta na ule unaofuata huugonga kwa nyuma. Roli yetu, ncha za tyubu zikihesabiwa, ina kipenyo cha karibu sentimita 8, yaani mzingo wa kama sentimita 25, kwa hiyo inahitaji mizunguko 720 hivi kwa dakika. Mota ya mizunguko 300 haifikii hata nusu yake.

Sakafu nayo ina neno lake. Darasani tuna simenti laini yenye vumbi, na mpira huteleza badala ya kubingirika, ilhali uwanja wa mashindano hutandikwa vigae vya sponji vinavyoukamata. Tunafanyia majaribio juu ya vigae hivyo, na kabla ya kila zoezi tyubu hupanguswa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti.

Sasa tunashughulikia mpira wa nne. Roli nzuri haichagui. Itaumeza hata roboti ikiwa imeshajaa, na hapo kuna adhabu. Tumeweka kihisi cha umbali ndani ya njia ya mipira, na wa tatu ukishafika mahali pake, programu huizungusha roli kinyumenyume polepole, bila kumsubiri dereva abonyeze chochote.