Iwe yangu, ila iwe nzuri

"Mwalimu, nichoree wewe."

"Nikikuchorea, hiyo picha itakuwa ya nani?"

"Iwe yangu, ila iwe nzuri."

Tangu Jumanne maneno hayo hayajanitoka kichwani. Dada kahama, shemeji kapata kazi, ratiba ya mitihani imebandikwa, nami bado nasikia sauti ya binti mmoja anayekaa dirishani katika somo langu la vibonzo. Hakusema kwa uchungu hata kidogo. Alisema kama mtu anayeagiza kitu. Ndiyo maana inauma: miaka tisa tu, na tayari kashagawa mambo, kibaya ni chake na kizuri ni cha mtu mwingine.

Umri wenyewe nao unachangia. Mtoto wa miaka mitatu au minne huchora kichwa kikubwa, miguu inaning'inia kidevuni, kiwiliwili hakuna, na anakukimbilia kukuonyesha: huyu baba! Hana shaka. Viktor Lowenfeld, aliyeandika mwaka 1947 kuhusu hatua za uchoraji wa watoto, aliweka mwanzo wa mashaka kwenye miaka tisa hivi, pale mtoto anapotaka picha ifanane na kitu chenyewe. Jicho limeutangulia mkono. Analiona kosa kabla hajajua kulitengeneza, basi anashika raba.

Na raba ndiyo inayomaliza kipindi. Mtoto hufuta jicho lile lile mpaka karatasi inachanika, kengele inalia na uso bado hauna mdomo. Kwenye somo la vibonzo raba zikae mkobani, penseli pia. Wape kalamu ya wino au makapeni yenye ncha nene. Mstari ukipinda umepinda, twende mbele. Karatasi ya A4 ikunjwe katikati mara tatu, ikifunguliwa ina visanduku vinane. Kimoja kikiharibika vimebaki saba, na hakuna anayelia kwa ajili ya kisanduku. Ukimpa karatasi nzima nyeupe, atachora kitu kidogo kama punje kwenye kona ya chini na kukifunika kwa mkono.

Kila kisanduku duara moja. Lisiwe duara la bikari. La mkono, hata likitoka kama kiazi. Macho ni nukta mbili, zile zile katika visanduku vyote. Kinachobadilika ni nyusi na mdomo tu. Nyusi zikiteremka kuelekea puani, huyo kakasirika. Ncha za ndani zikipanda na za nje zikashuka, ana huzuni au wasiwasi. Zote zikiruka juu mbali na macho, kashtuka. Moja juu, nyingine chini: hakuamini. Kisha wachanganye, nyusi za hasira juu ya mdomo unaotabasamu, na hapo darasa zima hucheka, maana wanamwona mtu anayepanga ubaya. Aina nne za nyusi kwa aina nne za mdomo ni nyuso kumi na sita, na hakuna aliyehitaji kipaji.

Jambo hili si geni. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva aliyekuwa akichora hadithi za picha, alieleza mwaka 1845 kwamba uso wowote wa binadamu, hata uchorwe vibaya namna gani, lazima uwe na hali fulani ya moyo. Huwezi kuchora uso usiosema kitu. Mtoto hahitaji kuambiwa jina la huyo bwana, ila mwalimu akilishika hili hatahangaika tena na ulinganifu.

Kosa la kawaida zaidi ni macho kupandishwa hadi kwenye paji. Yashushwe yafike katikati ya kichwa au chini zaidi. Kadiri yanavyoshuka ndivyo uso unavyokuwa wa kitoto.

Ubaoni, chora haraka na chora ovyo kidogo. Mwalimu akimwaga ufundi wake wote pale mbele, nusu ya darasa inaweka kalamu chini. Na usiguse karatasi ya mtoto, hata akuombe. Chukua kipande chako, onyesha pembeni, kisha kikunje ukitie mfukoni, la sivyo atakinakili.

Nimerudi kwenye karatasi ya binti, ile aliyotaka kuitupa. Kisanduku cha tano, unyusi mmoja umeteleza ukagusa jicho. Ni uso wa mtu aliyeambiwa afagie upya kwa mara ya tatu. Jirani yake aliuona, akauliza, "Huyu kakasirishwa na nani?" Akajibiwa papo hapo: na kaka yake, kamfichia kiatu, na si mara ya kwanza. Mwenye picha wala hakukumbuka kwamba alikuwa anaiona mbaya! Mimi ningemwambia "nzuri sana", naye asingeniamini. Swali la yule jirani ndilo la kuuliza siku zote: kafanyiwa nini, anamtazama nani, sasa atafanya nini. Nimekuwa nikitabasamu peke yangu tangu nikumbuke hilo.

Kwa hiyo wiki ijayo kaka mficha-kiatu anapata mwili. Urefu wote uwe sawa na vichwa vyake viwili au vitatu vikipangwa juu ya kingine. Mtu mzima wa kweli ana kama saba na nusu, na hapo ndipo vibonzo vya watoto hugeuka miti. Kiwiliwili kiwe na umbo la haragwe, likipinda mbele anakimbia, likipinda nyuma anaogopa. Mikono itoke mabegani, maana wengi huichomeka kiunoni. Kiganja ni duara lenye dole gumba, vidole vitasubiri. Ili atambulike kila kisanduku, achague alama tatu tu, tuseme kichwa cha mraba, nywele tatu na pua ndefu. Zikizidi hapo, moja itasahaulika njiani.

Maneno yaandikwe kwanza, mstari wa kiputo, yaani duara la maneno ya mhusika, uyazungushe baadaye. Wakianza na kiputo, "nirudishie kiatu changu" huishia "nirudishie kia" na kilio. Anayesema kwanza asimame kushoto, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali.

Visanduku vinne vinatosha: kiatu kipo, kiatu hakipo, ugomvi, na cha mwisho aamue mwenyewe.

Kaka yangu mimi naye kapiga simu jioni, anakuja Jumamosi na familia nzima. Godoro la ziada lilienda na dada. Sijui nitawalaza wapi.