Chakula cha kubeba kwenye bustani ya burudani: nilivyofanikiwa mara ya tatu

Mara ya kwanza nilipoipeleka familia yangu kwenye bustani ya burudani, tulikula chakula cha mchana saa tatu asubuhi, tena tumesimama nje ya geti. Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri kukipika. Mlinzi alifungua kapu langu, akainua mfuniko wa hotipoti, akachungulia, akaufunika tena taratibu, kisha akanionyesha ubao nyuma yake: chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Watoto wakala palepale bila njaa yoyote, macho yote kwenye bembea zilizokuwa zikizunguka upande wa pili wa ukuta. Kilichobaki tukakirudisha garini. Tulipotoka jioni nilikimwaga chote, kwa sababu gari lililofungwa juani huwa tanuri. Hata siku ya joto la kawaida, ndani yake joto hupanda kama nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za mwanzo.

Mara ya pili tulikwenda kwenye bustani nyingine inayoruhusu chakula. Hapo nilikosea kwa namna tofauti. Nilimpika kuku asubuhi, nikamfunga angali moto kwenye kopo la plastiki, nikamweka kwenye begi pamoja na vipande vya barafu, nikaamini barafu itafanya kazi yake. Saa nane mchana nilipofungua, kopo lilikuwa vuguvugu, barafu imekuwa maji, na mkate umelowa hadi unakatika mkononi. Kuku hakunuka wala hakuwa amebadilika rangi. Nilimtupa hivyohivyo, huku mume wangu akinitazama kwa huzuni. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kwamba ama kiwe baridi chini ya nyuzi 5 ama moto juu ya nyuzi 60. Kati ya hapo ndipo bakteria huzaliana haraka. Siku ya joto kali, linalozidi nyuzi 32, wataalamu wa Marekani wanaipunguza hata hiyo saa 2 kuwa saa 1. Kuku wangu alikuwa amekaa katikati humo kwa karibu saa 8, na chakula kinaweza kumwangusha mtu kitandani bila kutoa harufu yoyote.

Kabla ya safari ya tatu nilikaa nikatafakari, maana safari hiyo mama mkwe alikuwa anakuja nasi. Ana kisukari na anatumia insulini. Mtu wa aina hiyo humwambii asubiri foleni ya chakula ipungue. Akichoma sindano lazima ale, na saa ikipita anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Nikaona kwamba safari zote mbili nilikuwa nimeanza na mapishi: nipike nini kitamu, watoto watafurahia nini. Safari hii nikaanza na saa. Tutakula saa ngapi, chakula kitakuwa kimekaa muda gani tangu kutoka kwenye friji, na wapi? Baada ya kujibu hayo ndipo nikafikiria kitakachoingia kwenye kopo. Naamini kabisa kwamba jambo hili moja ndilo lililobadilisha kila kitu.

Jambo la kwanza lilikuwa simu. Nilipiga siku nne kabla, nikauliza kila kitu hadi nikahofia namchosha dada wa upande wa pili, lakini alinijibu kwa uvumilivu. Je, chakula kinaingia au kinaishia nje? Kama kinaishia nje, kuna meza na kivuli karibu na geti, na tukitoka tunarudi bila kulipa upya? Kisu kinaruhusiwa? Chupa za kioo? Kuna makabati ya kufungia mizigo, na yako upande gani wa geti? Mwisho nikamweleza habari za mama. Akaniambia nibebe dawa zikiwa kwenye pakiti yake yenye jina na niwaambie walinzi mapema kabla hawajafungua begi.

Ukiuliza utagundua kwamba bustani hazifanani hata kidogo. Walt Disney World ya Florida, Marekani, inaruhusu wageni kuingia na chakula chao, ila haitaki vyombo vya kioo isipokuwa vichupa vidogo kama vya chakula cha watoto wachanga, haitaki barafu isiyofungwa wala barafu kavu, na kisanduku chako cha kuhifadhia baridi kisizidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Tivoli ya Copenhagen, bustani iliyofunguliwa mwaka 1843, inawaacha watu waingie na vikapu vyao na kula kwenye nyasi. Kuna nyingine nyingi zinazokataa chakula kabisa ila kile cha watoto wachanga na cha wenye maradhi au mzio. Kwa hiyo usimsikilize jirani aliyekwenda bustani nyingine mwaka juzi. Uliza bustani unayokwenda wewe, na uulize mwaka huuhuu.

Tukaambiwa chakula kinaingia, mradi hakuna kioo wala kisu cha chuma. Sheria ya kioo naiunga mkono kwa moyo wote. Kwenye eneo la michezo ya maji watu wanatembea pekupeku, na vipande vya chupa havionekani ndani ya maji.

Sasa kisanduku. Nilikiazima kwa shemeji yangu, kile cha kuta nene chenye mkanda wa begani. Usiku niligandisha chupa tano za maji ya kunywa. Usizijaze hadi shingoni, acha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa itapasuka. Faida ya chupa hizi ni kwamba hubebi barafu ambayo baadaye itakuwa mzigo. Unabeba maji ya mchana, na wakati yanayeyuka yanalinda chakula. Pia hakuna barafu inayoelea na kulowesha mkate, wala mlinzi wa kukwambia uimwage.

Chakula chote kilipoa kabisa kwenye friji usiku kucha. Hakuna hata kijiko kimoja kilichoingia kisandukuni kikiwa moto, kwa sababu kitu cha moto kinamaliza barafu kabla hujafika. Kisanduku chenyewe nilikiacha kimefungwa usiku kucha kikiwa na chupa nyingine iliyoganda ndani, ili kuta zake zisiwe na joto la chumba. Asubuhi nikapanga: chupa mbili chini, vyakula vinavyoharibika haraka katikati, kisha chupa tatu juu, maana ubaridi hushuka. Nafasi zilizobaki nikazijaza matunda na taulo dogo. Kisanduku kilichojaa hukaa baridi kwa muda mrefu kuliko kilicho nusu tupu.

Insulini ya mama niliihangaikia kuliko chakula. Joto linaiharibu, na baridi kali nayo inaiharibu. Ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Niliizungushia kitambaa kikavu mara mbili, nikaiweka ndani ya kopo lake lenyewe katikati ya matunda, mbali na chupa zote. Mama alisimama mlangoni akiniangalia ninavyopanga. Akasema, “Mwanangu, hiyo unailaza kama kitoto kichanga.” Nikamjibu, “Mama, leo ndiyo mgeni wetu wa heshima.” Akacheka, lakini akaja akahakikisha mwenyewe. Zaidi ya hapo alibeba peremende kwenye mfuko wa gauni lake, na hizo hazikuingia kwenye begi lolote, kwa sababu sukari ikishuka huna muda wa kufungua kisanduku cha mtu.

Kuhusu chakula chenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila nyumba ina mapenzi yake. Niliondoa kila kitu chenye mchuzi, kila kinachohitaji kijiko na sahani, na kila kinachotakiwa kuliwa moto. Kilichobaki ni vitu vya kushika kwa mkono mmoja: mkate wenye kuku, mayai ya kuchemsha ambayo sikuyamenya, karoti, matunda. Mkate niliupaka siagi hadi kwenye kingo, kwa sababu mafuta yanazuia unyevu usiingie, na nyanya nikazikata na kuziweka kwenye kopo lake, zikatiwa wakati wa kula. Zabibu za mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitatu, nilizikata kwa urefu mara nne kila moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini zabibu nzima inaziba koo la mtoto mdogo barabara, na kwenye bustani yenye muziki wa juu ni nani atakayemsikia akipaliwa?

Getini safari hii nilikuwa wa kwanza kuzungumza. Nilifungua kisanduku mwenyewe, nikatoa kopo la dawa, nikamweleza mlinzi. Aliangalia chupa, akagonga moja kwa kidole kusikia ugumu wake, akatabasamu, akatupisha. Haikuchukua dakika mbili. Kisanduku tukakifungia kwenye kabati lililokuwa kivulini, karibu na vyoo na mabomba ya maji. Nililichagua hilo makusudi, ingawa kulikuwa na jingine karibu zaidi na bembea. Kabati lililopigwa na jua mchana kutwa ni sawa na lile gari.

Tulikula saa tano na nusu asubuhi. Hapa ndipo watu wengi wanaponishangaa, lakini saa hiyo meza za kivulini zote zilikuwa wazi. Saa sita na nusu, sisi tumemaliza, zilikuwa zimejaa na watu wamesimama na trei mikononi wakitafuta pa kukaa. Mama alichoma sindano yake kwa utulivu, mgongo ukiwa umeegemea mti, akala bila mtu kumharakisha. Binti yangu mkubwa aligonga yai kwenye ukingo wa meza, akalimenya ganda likatoka kipande kimoja kizima, akalipitisha kwa kila mtu tulione. Kopo la nyanya lilikuwa na ukungu wa baridi kwa nje. Niliuchora kwa kidole, na sitaficha, nilifurahi mno.

Mikono tuliosha kwa sabuni na maji kabla ya kugusa chochote. Nilikuwa na dawa ya kutakasa mikono, lakini mikono iliyoshika vyuma vya bembea ina grisi na vumbi, na ile dawa haifanyi kazi vizuri kwenye uchafu wa aina hiyo. Kilichotusumbua ni nyuki, walifuata juisi. Nilizifunika chupa, maganda ya matunda nikayafunga kwenye mfuko, wakaondoka.

Baada ya kula, sheria yangu ilikuwa karibu saa nzima bila kitu chochote kinachozunguka. Kijana wangu alilalamika sana, kwani rafiki zake walikuwa tayari kwenye treni ya kasi inayopinda na kuporomoka. Nilimweleza kwamba kichefuchefu huja pale sikio la ndani linapomwambia ubongo jambo moja na macho yanapomwambia jingine, na tumbo lililojaa linazidisha. Tukapanda kale katreni ka watoto kanakozunguka ziwa, tukatazama maonyesho ya kikaragosi. Mtoto mdogo alilala begani kwangu. Saa saba kasoro kijana akapata treni yake, akapanda mara tatu, na hakuna aliyetapika. Safari ya pili hatukuwa tumebahatika hivyo.

Nilikuwa nimetenga pia kifurushi cha pili cha chakula kwa ajili ya saa kumi: matunda, karanga kwa wakubwa, mkate mkavu. Hapo nilifanya kosa dogo ambalo sitalirudia, nilikiweka chini kabisa ndani ya kisanduku, kwa hiyo wakati wa kukitoa ilibidi nipekue na kukiacha kisanduku wazi dakika kadhaa huku ubaridi unatoka. Sasa kifurushi hicho ninakibeba kwenye begi la mgongoni tangu asubuhi, kwa kuwa humo hakuna kinachohitaji baridi. Karanga pia sizifungui kwenye foleni, maana hujui mtoto wa mbele yako ana mzio gani.

Jioni mama mkwe aliniuliza kama kuna kitu kilichobaki kisandukuni. Kulikuwa na chungwa moja na chupa moja ambayo ndani yake bado kipande cha barafu cha ukubwa wa kidole gumba kilikuwa kinagonga kuta. Chungwa tuligawana. Chupa aliichukua mtoto mdogo, akaitikisa njia nzima hadi barafu ikaisha.

Usiku uleule, kabla sijakaa, niliosha kisanduku kwa maji ya moto na sabuni, nikakiacha wazi kikauke hadi asubuhi. Shemeji alipokuja kukifuata nilimwomba aniachie hadi likizo ijayo.